Nyumba imevuliwa nguo na baridi iko mlangoni

SWALI

Shikamoo Mjomba Fundi,

Mimi na mume wangu tumenunua nyumba kuukuu ya zaidi ya miaka mia moja. Chini ni matofali ya kuchoma, ghorofa ya juu imevikwa mbao zilizopandiana kama magamba ya samaki, na ina madirisha kumi na manne ya mbao. Paa lake ni la vigae vya mawe. Tuliipenda tulipoiona tu, ingawa rangi ilikuwa imebanduka kila upande, tukaapa kwamba kazi zote za nje tutazimaliza kabla ya baridi.

Mume wangu akaanza na rangi. Ukuta wa magharibi ameukwangua mpaka mbao zikabaki tupu, na hii ni wiki ya tatu ziko hivyo. Sasa amehamia kusini. Anatumia mashine ya msasa, na vumbi lake linatua hadi kwenye vitu vya kuchezea vya mtoto wetu wa miaka mitatu. Nilimwomba tuanze na gata, maana mvua ikinyesha inamwaga maji kama bomba lililopasuka kwenye kona ya jikoni. Akasema gata itashughulikiwa mwisho, rangi ikishakauka, isije ikauchafua ukuta mpya.

Kwenye kona hiyohiyo, mota iliyo kati ya matofali imekuwa unga. Ukiichokoa kwa kidole inamwagika. Shemeji yangu anasema dawa yake ni kujaza saruji kali, kisha kupaka ukuta wote silikoni ili maji yasipenye tena. Fundi mmoja tuliyemwita atukadirie gharama naye anataka madirisha yote yang'olewe tuweke ya plastiki.

Pesa iliyobaki inatosha kazi moja kubwa au tatu ndogo. Tuna kama wiki saba kabla maji hayajaanza kuganda usiku. Nami nimechoka kuwa yule mtu wa kulalamika chini ya ngazi huku mwenzangu akitoka jasho juu. Tuanzie wapi? Na nimwambieje bila kuonekana nampinga?

Mshika Ngazi

JIBU

Marahaba, mpwa wangu.

Kabla hujaendelea kusoma, nenda ukaizime hiyo mashine ya msasa. Haya mengine tutayazungumza taratibu, lakini hilo halina subira.

Nyumba ya umri huo, matabaka yake ya chini ya rangi yachukulie kuwa yana risasi, yale madini yenye sumu, mpaka vipimo viseme vinginevyo. Madhara yake yalijulikana zamani: Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo mwaka 1921. Hata hivyo iliendelea kuuzwa kwa miongo mingi. Marekani, kwa mfano, iliipiga marufuku katika rangi za nyumba mwaka 1978. Ikiwa imetulia ukutani chini ya rangi nyingine, haina neno kubwa. Ikisagwa kwa mashine inakuwa vumbi jembamba linaloshuka kwenye udongo, kwenye viatu, na kwenye mikono ya mtoto ambaye kila anachoshika anakipeleka mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mpeleke mtoto akapimwe damu. Sisemi hivyo kukutisha. Ni kipimo cha mara moja, na utalala usingizi. Vitu vyake vya kuchezea vioshe kwa maji na sabuni, na sakafu zipigwe deki kwa kitambaa chenye maji. Usifagie.

Kuanzia sasa kinachokwanguliwa kikwanguliwe kwa mkono, kikiwa kimelowa. Tandazeni nailoni nene chini ya ukuta, nyunyizieni maji kwa chupa ya dawa, mkwangue, kisha mkunje nailoni na takataka zake ndani. Barakoa iwe ya kuchuja vumbi laini, ya daraja la P3 au linalolingana nalo. Ile ya kitambaa haizuii kitu. Nguo za kazi zivuliwe nje na zifuliwe peke yake. Moto wa gesi wa kubabua rangi usikaribie kabisa, kwa sababu unaigeuza risasi kuwa mvuke wa kuvutwa, na mbao kavu za miaka mia zinashika moto kwa ndani bila nyinyi kujua mpaka usiku. Ulizeni pia serikali ya mtaa wenu kama kazi hii inataka fundi mwenye kibali. Nchi nyingine ni lazima.

Na mwambie mumeo jambo ambalo litampunguzia kazi: rangi iliyoshika haikwanguliwi. Rangi kuukuu iliyong'ang'ania ubao kwa miaka hamsini imeshafaulu mtihani ambao rangi yake mpya haijaufanya. Iliyolegea ndiyo inayotoka, basi. Kule kusini aache alipofika.

Sasa tuje kwenye baridi. Wengi wanaizungumza baridi kana kwamba ni meno yanayotafuna nyumba. Ukuta mkavu hauiogopi baridi hata kidogo. Adui ni maji yaliyokwisha kuingia kabla ya baridi. Maji yakiganda yanavimba kwa karibu asilimia 9, na yakiwa ndani ya tofali hayana pa kwenda, kwa hiyo yanalisukuma tofali. Usiku yanaganda, mchana yanayeyuka na kupenya zaidi, usiku yanaganda tena. Ikifika siku ya kwanza ya joto unakuta nyuso za matofali zimebanduka na kulala chini kama maganda. Ndiyo maana nyumba yenu haihitaji kupendeza kabla ya baridi. Inahitaji kukauka.

Kwa hiyo ile kona ya jikoni ndiyo mgonjwa wenu. Ukuta wa magharibi ni majeruhi wa kujitakia, nao nitaufikia.

Niliwahi kuwa kama mumeo. Nilipokuwa kijana nilipaka nyumba ya mteja rangi ya kupendeza, siku za mwisho kabisa kabla ya baridi, nikaiacha gata iliyokuwa na tundu la ukubwa wa sarafu kwa sababu mteja hakuniambia niitengeneze, nami nilikuwa na haraka ya malipo. Baridi ilipokwisha aliniita. Rangi ya kona nzima ilikuwa imevimba kama ngozi iliyoungua, na ndani plasta ilikuwa imeanguka. Niliirudia kazi yote kwa pesa yangu. Tundu la sarafu.

Gata isafisheni, toeni majani na matope, halafu mmwage ndoo ya maji upande wa juu mtazame yanakokwenda. Inatakiwa iteremke kidogo kuelekea kwenye bomba la kushushia, sentimita moja hivi kwa kila mita tatu. Ikiwa imebonyea katikati, ni vishikio vilivyolegea, na huenda ubao vinapopigiliwa umeoza. Uchomeni kwa bisibisi, ikizama bila nguvu ubao huo ubadilishwe. Maungio yanayovuja yasafishwe na kuzibwa. Bomba la kushushia maji nalo msilisahau: likiishia kwenye mguu wa ukuta, mtakuwa mmeyatoa maji juu na kuyaleta chini. Liongezeni kipande liyamwage mita moja na nusu au mbili mbali na msingi, mahali panapoteremka. Kama udongo umerundikana ukutani pale kwenye kona, uchimbeni ushuke. Hiyo rangi mpya anayoiogopea mumeo ndiyo itakayokufa kwanza gata ikibaki ilivyo.

Siku hiyohiyo fundi wa gata anapokuwa juu, aangalie paa. Kwanza nyinyi litazameni kutoka chini kwa darubini: kigae kilichoteleza, kilichopasuka, na bati lililozunguka mguu wa dohani kama limeinuka. Hapo dohani inapokutana na paa ndipo panapovuja mara nyingi. Msikanyage vigae vya mawe wenyewe; ukivunja viwili kwenda kutengeneza kimoja, umefanya nini? Hii ndiyo kazi ya kulipia. Mwenye jukwaa na uzoefu wa vigae vya mawe atamaliza paa, dohani na gata pamoja, na hiyo iwe ya kwanza katika zile tatu zenu ndogo.

Saruji ya shemeji sasa. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nimeona nyumba nyingi zikiharibiwa na watu wenye nia njema na mfuko wa saruji.

Ukuta kama wenu kwa kawaida ulijengwa kwa mota ya chokaa. Chokaa ni laini kuliko tofali, na ina matundu madogo ya kupumulia. Mvua ikipiga, ukuta unakunywa kidogo. Jua likitoka, unyevu unatokea kwenye chokaa. Ukuta ukijongea kwa joto na baridi, chokaa ndiyo inayokubali kupasuka vipasuko visivyoonekana, tofali linabaki salama. Yaani mota iliwekwa pale iliwe badala ya tofali, na baada ya miaka mingi unaijaza nyingine. Huo unga unaouona kwenye kona si ubovu wa kazi ya waliojenga. Kazi yao imewafaa mpaka leo, ikashindwa pale tu mlipofungulia bomba la mvua.

Ukijaza saruji kali umegeuza mambo. Saruji ni ngumu kuliko tofali la zamani, haikubali kujongea, na haipitishi unyevu. Maji yatakayoingia, nayo hayakosi njia, yatakuta mlango wa kutokea umefungwa, na njia iliyobaki ni uso wa tofali lenyewe. Baridi ikija, tofali ndilo linalobanduka. Baada ya miaka michache unaona jambo la ajabu: mistari ya saruji imesimama imara imejitokeza nje, na matofali yaliyo katikati yamelika kama meno mabovu. Mota unaijaza upya kwa siku moja. Tofali lililokatika uso halirudi.

Silikoni ni kosa lilelile, sema limeenezwa ukuta mzima. Mwambie shemeji kwa adabu kwamba ukuta huu haukufanywa kuzuia maji yasiingie kabisa, ulifanywa kuyatoa.

Chokaa ina sharti lake, na hapa ndipo wiki zenu saba zinapobana. Inakomaa polepole kwa kuvuta hewa, haitaki kuwekwa joto likiwa chini ya nyuzi 5, na ikipigwa na jalidi ikiwa bado changa inasambaratika. Kwa hiyo jazeni kona ya jikoni peke yake, ndani ya wiki mbili zijazo, gata ikiwa imeshatengenezwa na ukuta umepata siku za kukauka. Mota mbovu itolewe kwa patasi nyembamba na nyundo ndogo. Mashine ya kukatia inakata matofali pembeni, na hilo halitengenezeki. Kina kiwe angalau mara mbili ya upana wa ungio. Vumbi litolewe, maungio yaloweshwe kidogo, chokaa ishindiliwe kwa tabaka, kisha pafunikwe gunia lenye unyevu lisilogusa ukuta, na likaushe taratibu. Baridi ikikaribia badilisheni gunia liwe kavu na zito. Kuta nyingine zenye maungio yaliyolika kidogo ziacheni mpaka joto lirudi. Ungio lililo wazi lakini linakauka ni afadhali mara kumi kuliko lililofungwa kwa saruji. Na wiki hizo mbili zikiwapita, basi hata kona msiijaze. Gata pekee itakuwa imeshafanya sehemu kubwa ya kazi.

Ukuta wa magharibi uliovuliwa nguo. Mbao tupu zikipigwa na jua na mvua, uso wake huanza kufa: nyuzi za juu zinalegea, na rangi itakayopakwa juu yake inashika nyuzi zilizokufa, si ubao. Wiki mbili zinatosha kuanza kuona tofauti, nanyi mko ya tatu. Msikate tamaa. Pitisheni msasa wa mkono, wenye maji, kwa wepesi, ili kutoa uso huo wa kijivu, kwa barakoa na nailoni kama nilivyosema. Subirini siku kadhaa kavu. Kisha ubao upate praima, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha, hasa kwenye vichwa vyake ulikokatwa, maana huko ndiko unakonyonya maji kama mrija. Juu ya praima mpate walau koti moja la rangi; praima peke yake haikuumbwa kukaa nje baridi nzima.

Soma kopo. Rangi nyingi za maji zinataka joto la nyuzi 10 na zaidi, na halihesabiwi la saa ya kupaka tu, ni mpaka ikauke. Na baridi ikikaribia, umande huwa mzito. Pakeni kuanzia asubuhi ya saa nne, umande ukishaondoka, na mwache mapema alasiri hata kama mkono bado unataka kuendelea. Na neno moja ambalo mumeo atashukuru: zile mbao zinazopandiana, ukingo wa chini wa kila ubao usizibwe kwa silikoni. Ule mwanya mwembamba unaonekana kama kasoro, kumbe ndiko unyevu wa ndani ya ukuta unakotokea.

Ikiwa hali ya hewa itawanyima siku hizo kavu, msilazimishe. Funikeni ukuta kwa turubai lililoachwa nafasi ya hewa nyuma yake, kwa kupigilia vipande vyembamba vya mbao kwanza, mwache wazi kidogo chini na juu. Nailoni iliyogandana na ubao itauozesha vizuri kuliko mvua.

Madirisha: hapana. Mbao za zamani mara nyingi zilitoka kwenye miti iliyokua polepole, ngumu na yenye pete zilizobanana, na ukilipenda dirisha hilo litamwona mjukuu wako. La plastiki fremu yake ikiharibika, mara nyingi unatupa zima. Chomeni kwa bisibisi kwenye kizingiti cha chini na kwenye kona. Palipooza hukatwa na kuingizwa kiraka cha mbao nzuri. Ila si sasa. Baridi hii badilisheni vioo vilivyopasuka tu na jazeni puti, ile ya kushikia kioo kwenye fremu, palipokatika upande unaopigwa na mvua. Puti ya mafuta ya kitani inahitaji wiki moja au mbili kabla ya kupokea rangi, kwa hiyo hilo lifanyike mwezi huu. Ndani bandikeni karatasi ya plastiki inayong'aa kwenye fremu, ile inayonyooshwa kwa joto la mashine ya kukaushia nywele. Haipendezi sana, lakini upepo utaukoma.

Kama theluji ya kwanza ikianguka mtaona barafu nene inajijenga kwenye ukingo wa paa na vijiti virefu vinaning'inia, msimlaumu fundi wa gata. Joto la nyumba linapenya darini, linayeyusha theluji ya juu, na maji yanaganda tena yakifika ukingoni palipo baridi. Dawa iko ndani: kuziba matundu ya dari na kuongeza sufi ya kuzuia joto. Kazi hiyo inafanyika hata kukiwa na theluji nje.

Sasa mumeo. Sidhani kama anakupuuza. Amechagua kazi inayoonekana, kwa sababu mtu akishinda juu ya ngazi siku nzima anataka jioni arudi nyuma hatua kumi aone alichofanya. Gata iliyotengenezwa haionekani. Usimpe hotuba, wala barua hii usimsomee kama hukumu. Subiri mvua, ambayo haitachelewa, mwambie avae koti mtoke wote wawili mkaizunguke nyumba polepole. Simameni pale kwenye kona ya jikoni mpaka maji yamwingie kwenye kola. Halafu muulize: hapa tukipaka rangi, itakaa? Nyamaza. Mvua imalizie. Akikubali, kazi ya chokaa mpe yeye, kwa sababu aliyekwangua ukuta mzima kwa uvumilivu ule ana mikono inayofaa kushindilia maungio, na hiyo ni kazi inayoonekana.

Shemeji mtafutieni kipande cha tofali lililobanduka uso. Nyumba kuukuu hazikosi. Mpeni mkononi alitazame.

Kuhusu jina ulilojipa: ngazi inashikwa hivi. Mguu wake ukae mita moja kutoka ukutani kwa kila mita nne ya kimo, juu ipite ukingo unaopandia kwa mita nzima, na isiegemee gata hata siku moja. Ukimwona anajinyoosha mpaka mkanda wa suruali umepita mguu wa ngazi, mwambie ashuke muisogeze. Hapo lalamika kwa sauti.

Mjomba Fundi